Majibu ya kinyama cha Mama hayaeleweki, nifanyeje?

MwanaWete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mamaangu ana miaka 61, tuko Wete, Pemba. Baka jeusi lilimtoka chini ya unyayo, likawa linatanuka na kuchanika kila akivaa makubadhi. Wakamchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha hilo baka cha kupimwa. Majibu yamerudi: seli za rangi ya ngozi, haijulikani kama ni saratani au baka tu. Daktari kataja kipimo cha protini. Mjomba anasema asiguswe tena kisu, uvimbe ukichokozwa husambaa. Mama hata chakula hakimpiti. Nishaurini.

FundiMaabara_Unguja: Wa alaykum salaam, pole sana. Kinyama hakijatupwa. Kililowekwa fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kisha kikagandishwa ndani ya nta, ndiyo hiyo tunayoiita bloku. Kwenye darubini daktari anaona umbo la seli, na umbo kuna wakati linamwacha njia panda. Hapo ndipo protini zinasaidia. Bloku ileile inakatwa vipande vyembamba mno, vinatiwa kingamwili, viambata vya maabara ambavyo kila kimoja kinanasa protini yake na kuacha rangi. Protini ziitwazo SOX10 na S100 zinaonesha asili ya seli. Ki-67 inaonesha ngapi zinajigawa. PRAME ikishika karibu seli zote, au p16 ikipotea, wasiwasi wa melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, unazidi. Hakuna moja inayotosha peke yake. Na waombeni watumie rangi nyekundu: melanini, ile rangi ya ngozi, yenyewe ni ya kahawia, kwa baka jeusi kama hilo rangi ya kahawia inachanganya macho.

BiMtumwa: Mjomba mwambieni kwa adabu, hakuna ushahidi kwamba kuchukua kinyama cha baka la ngozi kunasambaza melanoma. Kinachoua ni kukaa. Kwetu sisi weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, wala si jua. Bob Marley ilimwanzia kidoleni mguuni, akafariki 1981. Msimtie dawa ya kuunguza hilo baka, tafadhali.

MwanaWete: Ahsante mama. Nimesoma kuna mashine inayopima protini kwa leza. Tuitafute?

Daktari_Chake: Ipo, inapima uzito wa protini palepale kwenye kipande cha nyama. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, wakiwamo wa Yale, walichapisha kazi ya kutenganisha baka la Spitz, ambalo si saratani, na melanoma inayofanana nalo. Baka hilo lilielezwa na Sophie Spitz 1948 na bado linawagawa wataalamu. Lakini la mama liko unyayoni, ni jambo jengine. Pesa zenu zisiishie huko. Mtafuteni mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa darubini, aliyezoea ngozi, aangalie upya pamoja na hizo kingamwili. Ulizeni kwanza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanapima zipi kabla ya kupanda boti. Na kama kinyama kilitoka ukingoni tu, huenda baka zima likahitaji kutolewa ndipo jibu lipatikane.

MwanaWete: Niombe nini hasa hospitali?

FundiMaabara_Unguja: Bloku, slaidi (vile vioo vyenye vipande vilivyoangaliwa) na nakala ya majibu. Picha ya simu haitoshi. Hakikisha namba ya sampuli kwenye karatasi ndiyo iliyo kwenye bloku, na usiiache ndani ya gari juani, nta italainika.

MwanaWete: Kesho asubuhi niko dirishani kwao.