Miguu inavimba tangu niongezewe amlodipini. Nimeiacha siku tatu na presha iko sawa, je, nimepona?

Soksi_Zimebana:
Habari za humu wakuu. Nina miaka 52, presha niligundulika nayo mwaka jana. Nilianzishiwa amlodipini ya miligramu 5, ikawa bado inacheza kwenye 150 kwa 95. Mwezi uliopita daktari akanipandishia hadi 10. Presha ikatulia, 128 kwa 80, nikafurahi. Wiki mbili baadaye miguu ikaanza kuvimba. Naamka ikiwa mizuri, ikifika jioni soksi zimechora mstari na nikibonyeza kifundo panabaki kishimo. Jirani akaniambia hizo ni figo, dawa inazimaliza. Nikaingiwa na hofu. Kidonge cha mwisho nilimeza Jumamosi asubuhi, leo Jumanne nimepima: 134 kwa 84. Je, nimepona? Na hili la pili msinicheke: nimesoma kwamba dawa hii inazuia kalsiamu. Mifupa yangu itakuwaje?

Mama_Wawili:
Pole kaka. Mimi ilinivimbisha hivyohivyo. Meza dawa ya kukojoza, maji yatatoka.

Mfamasia_wa_Zamu:
Mama Wawili, hapo hapana, nitaeleza.

Mkuu, hujapona. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama saa 30 hadi 50 nusu yake tu kuondoka. Kwa hiyo hiyo 134 ni kazi ya vidonge vya wiki iliyopita. Na umeona yenyewe imeshaanza kupanda kutoka 128. Subiri wiki nyingine utaona ilikotoka.

Kuhusu kalsiamu: mishipa midogo inayosambaza damu imezungushiwa misuli, na misuli hiyo hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake kupitia vilango maalumu. Dawa inaviziba kiasi vilango hivyo. Misuli inalegea, mshipa unatanuka, damu inapita bila kubanwa, presha inashuka. Mifupa haimo kabisa kwenye hadithi hii. Maziwa kunywa.

Sasa miguu. Dawa inatanua mishipa inayoingiza damu kwenye kapilari, yaani vile vimishipa vyembamba kabisa, lakini vena zinazoitoa haizitanui kwa kiwango hicho. Damu inaingia kwa wingi na njia ya kutokea ni ileile, msukumo unaongezeka, maji yanachujika na kuhamia kwenye nyama, kisha yanateremka vifundoni kwa sababu umeshinda umesimama au umekaa. Yaani mwili haujajaza maji ya ziada, yamehama tu. Ndiyo maana dawa ya kukojoza husaidia kidogo sana hapa, ila itakupunguzia potasiamu bure. Na kuvimba huku huenda na dozi: kwenye 10 hutokea zaidi kuliko kwenye 5.

Mzee_Makini:
Presha ikikupanda ghafla pasua kidonge cha nifedipini, ndugu wa hiyo amlodipini, uweke chini ya ulimi. Zamani tulipewa hivyo hospitalini.

Mfamasia_wa_Zamu:
Shikamoo mzee. Ni kweli ilifanyika, na iliachwa kwa sababu. Presha inaporomoka kwa kasi, moyo unaanza kwenda mbio kufidia, na kuna watu walipata kiharusi au shambulio la moyo kwa njia hiyo. Tafadhali asijaribu mtu.

Mzee_Makini:
Marahaba. Basi nimejifunza.

Kimya_Kingi:
Mimi niko kwenye verapamili, miguu haijawahi kuvimba ila choo ni kigumu balaa. Naweza kumshauri abadilishe?

Mfamasia_wa_Zamu:
Usimshauri. Verapamili na diltiazemu ni ndugu wa amlodipini, lakini zenyewe zinapunguza pia mapigo ya moyo. Kama mtu anatumia atenololi, kwa mfano, dawa ya presha ambayo nayo hupunguza mapigo, mchanganyiko huo unaweza kuushusha moyo kupita kiasi. Hilo aamue daktari mwenye kipimo cha moyo mkononi.

Soksi, rudi kwa aliyekuandikia na umwambie ukweli kwamba uliacha. Mara nyingi hurudisha 5 na kuongeza losartani au dawa za jamii hiyo, ambazo hulegeza na vena pia, hivyo uvimbe hupungua. Omba upimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, maana jirani hawezi kuziona figo kwa macho. Ila ukivimba mguu mmoja tu na unauma, au pumzi inakata ukilala, hiyo si habari ya kungoja miadi.

Soksi_Zimebana:
Nimerudi na majibu. Figo nzima, mkojo hauna protini. Nimepewa amlodipini 5 na losartani 50. Daktari alinigombeza kidogo kwa kuacha, nilistahili. Leo ni siku ya tisa, presha 126 kwa 79, na viatu vinavuka bila kuvutana navyo. Jirani bado anashikilia ni figo.

Mama_Wawili:
Hahaha, huyo mwache. Mimi kesho naenda kuulizia yangu.