Uzamili wa unasihi au wa ustawi wa jamii: saa za vitendo zinahesabiwaje?

Mwanagenzi
Wadau, naomba mwongozo. Kwa mwenye shahada ya kwanza ya sosholojia, uzamili wa unasihi wa afya ya akili na ule wa ustawi wa jamii vinatofautiana wapi hasa? Na kwa nini wengi humaliza madarasa kisha wakakwama kwenye saa za vitendo?

Kibatari
Chukua mtu asiyelala usingizi kwa sababu ametishiwa kutolewa kwenye nyumba. Mnasihi ataanzia kwenye hofu na usingizi. Wa ustawi wa jamii ataanzia kwenye notisi ya mwenye nyumba. Haina maana kwamba wa pili hafanyi tiba. Akisomea mkondo wa tiba anaendesha vikao vilevile, ila mlango wake ni mpana zaidi: hospitali, shule, ulinzi wa watoto, hata sera. Kama unachotaka ni vikao tu, unasihi unakufikisha huko moja kwa moja.

Saa_Mia
Kwenye saa, nchi hazilingani. Marekani ni mfano mzuri kwa kuwa masharti yameandikwa wazi. Unasihi wenye ithibati ya CACREP (chombo kinachokagua programu za unasihi huko): krediti 60 za muhula, kisha vitendo awamu mbili. Ya kwanza saa 100, angalau 40 ukiwa na wateja. Ya pili saa 600, angalau 240 na wateja. Uzamili wa ustawi wa jamii wenye ithibati ya CSWE (baraza la elimu ya ustawi wa jamii la huko) ni angalau saa 900 za vitendo. Ule mpango mfupi wa kuruka sehemu ya masomo ni wa waliosoma ustawi wa jamii shahada ya kwanza, kwa hiyo sosholojia haikuingizi.

Wanaokwama hukwama kwenye hizo 240. Kuandika kumbukumbu, mikutano na kukaa na msimamizi vinaingia kwenye 600, lakini si kwenye 240. Mteja asipotokea, saa ile imekwenda. Piga hesabu: 240 kwa wiki 30 ni saa 8 kila wiki. Ukipanga wateja 8 utapungukiwa. Panga 11 au 12. Na fomu ya saa isainiwe kila wiki, usingoje mwisho wa muhula. Msimamizi akihama kituo, kumsaka asaini karatasi za miezi minne ni kazi nyingine kabisa.

Kibatari
Niongeze kitu ambacho watu hukisahau. Kabla ya kukubali kituo, uliza kama wanaruhusu kurekodi vikao. Vyuo vingi hutaka rekodi au msimamizi atazame kikao kinapoendelea. Kituo kikikataza yote mawili, huna cha kupimiwa. Ridhaa ya mteja iwe ya maandishi, na ajue nani atasikiliza na rekodi itafutwa lini.

Halafu, uzamili si leseni. Soma kwanza masharti ya bodi inayotoa leseni mahali utakapofanyia kazi, ndipo uchague chuo. Mara nyingi kuna saa nyingine chini ya usimamizi baada ya kuhitimu.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Na vikao vya kikundi vinaingia kwenye saa za wateja?

Saa_Mia
Vinaingia, ila hesabu ni ya muda wako, si ya vichwa. Saa moja na watu 8 ni saa moja.