Eti nirudi Newala nikabangue korosho!!! Kisa chaji mbili

Wakuu, ndo natoka tuisheni saa hizi, jasho halijakauka. Yule ticha wa Magomeni, mnamjua, kalamu tatu mfukoni moja sikioni, kachora ubaoni chaji mbili za umeme akauliza zikiwa zimeachana mita moja halafu ukazisogeza hadi mita mbili potensho eneji, yaani nishati inayotunzwa kati yao, inabaki ngapi. Nikanyoosha kidole, nusu. Jamaa akacheka mpaka akashika meza, akanielekezea chaki puani mbele ya darasa zima wakiwemo wale mabinti wa kidato cha tano, AKASEMA RUDI NEWALA UKABANGUE KOROSHO. Korosho wakuu!

Yeye anang'ang'ania robo. Robo ni ya nguvu ya kusukumana au kuvutana, ile ya kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785, unagawanya kwa umbali mara umbali. Eneji unagawanya kwa umbali mara moja tu basi. Chaji za mikrokulombu (kipimo cha chaji) moja moja, mita moja unapata jouli 0.009, mita mbili 0.0045, sasa robo hapo iko wapi, labda robo ya sukari kwa mangi. Na chaki ilinigusa kabisa, nimefika home na kidoa cheupe puani kama mgonjwa. Korosho! Mama kabangua korosho mpaka vidole vimebabuka na mafuta yake ndo ikapatikana hiyo ada anayoila huyo ticha.

Tui Bubu: Kwani Newala si kwenu? 😂

Pweza Mkavu: Mleta uzi, hujasema chaji za aina gani. Zikiwa tofauti eneji ni hasi, ukizitenganisha inapanda kuelekea sifuri. Ndo maana kumtoa mtu kwa mchumba wake kunachosha.

Mleta uzi: Zote chanya mkuu. KOROSHO, MBELE ZA WATU.

Tui Bubu: Futa pua kwanza.

Shangani Kwetu: Nyie mnagombania umeme wa ubaoni, huku wa ukutani umekatika toka jana usiku, changu kwenye friji washaanza kunisemesha.

Babu Kangomba: Afadhali korosho imetajwa. Nyumbani nimepima gunia vizuri tu, kufika ghalani mzani unasema pungufu kilo nne. Nne!

Pweza Mkavu: Mimi saba mzee. Ghala lile lile la karibu na mwembe?

Babu Kangomba: Lile lile!!

Shangani Kwetu: Kuna mwenye barafu?