TV inakufa baada ya miaka miwili halafu tunaambiwa ni umeme? Mimi nakataa

Wakuu habari za jioni. Kila ukipeleka kitu kibovu dukani jibu ni lile lile, umeme wa Dar unacheza, ungenunua stabilaiza. Kwenye friji sawa, umeme mdogo unaua kompresa kweli. Ila TV na sabufa mara nyingi hapana.

TV yangu ya inchi 43 ilianza kusumbua kuwaka, taa nyekundu inapepesa, inajaribu inazima, mara ya nne ya tano ndo inakubali, mwisho ikagoma kabisa. Ina miaka miwili na kidogo na waranti ilikuwa mwaka mmoja. Nikarudi nilikonunua Kariakoo, kaka huo ni umeme. Fundi wangu Tandika akaifungua mbele yangu, kwenye pawa saplai (bodi inayoingiza umeme) kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimevimba kichwa na moja imepasuka pale juu kwenye alama ya msalaba, imetoa ute wa kahawia umegandia kwenye bodi. Fyuzi nzima, dayodi za pale umeme unapoingilia nzima. Umeme ungepiga si ungeanza na hizo? Halafu kapasita zenyewe ni za kuhimili joto la digrii 85 tu na zimesimamishwa zimegusana kabisa na hitisinki, lile bati la kutolea joto, pale panapochemka kuliko kote. Akachomelea za 105, ikawaka palepale, nikatoa elfu 15 na ufundi wake humo humo.

Na wala sio Bongo tu. Miaka ya 2000 mwanzoni kapasita zenye maji mabovu ndani, nyingi za Taiwan, ziliua mazabodi (bodi kuu za kompyuta) dunia nzima, mwaka 2005 Dell walitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zao za OptiPlex. Huko Marekani nako ni umeme wa Dar?

Aliyeunda anajua kabisa, kila joto likizidi digrii 10 umri wa kapasita unakatika karibu nusu, sasa weka na joto letu la Januari. Tofauti ya bei kati ya mbovu na nzuri ni ndogo mno kwenye TV ya laki sita.

Ndo maana nasema stika ya TBS (shirika la viwango) peke yake haitoshi, TV mpya ukiipima leo itapita tu, tatizo linakuja mwaka wa pili. Waranti iwe miaka mitatu kisheria na muuzaji akidai ni umeme afungue mbele ya mteja amwonyeshe kilichoungua. Mnaopinga semeni, kwa nini mzigo wote abebe mnunuzi?