Programu ya skani inataka folda, stoo ya wingu inatoa baketi: naziunganisha vipi?

Mlandege_Seva
Assalaam alaykum. Nina seva ya Ubuntu hapa Mjini, diski ya TB 2 imeshajaa asilimia 93. Kazi yake ni skani za hati: TIFF za MB 25 hivi kwa ukurasa, zinaingia kwa Samba (huduma ya kushiriki folda kwenye mtandao) kutoka mashine za Windows. Programu yenyewe ya zamani, haijui kitu chengine ila folda. Nimechukua nafasi kwenye stoo ya wingu inayoelewa S3 (lugha ya kuweka faili ndani ya chombo kiitwacho baketi), nikaimaunti, yaani nikaifanya ionekane kama folda, kwa programu ya rclone bila ya kuongeza chaguo lolote. Kuhifadhi kunagoma na logi inataja `--vfs-cache-mode`. Kubadilisha jina folda ya faili 6,000 hakumaliziki. Faharasa ya skani, ambayo ni databezi ya SQLite na imo folda hiyo hiyo, haifunguki kabisa. Na ofisi ya Chake Chake nayo inataka kuziona hizi skani. Laini ya kupandisha ni Mbit 20. Nianzie wapi?

Fundi_Kwerekwe
Wa alaykum salaam. Anzia kwenye SQLite: itoe humo leo leo. Baketi haina kufuli la faili (la kuzuia wawili wasiandike pamoja), wala huwezi kurekebisha kipande katikati ya faili. Kila badiliko ni kupandisha faili nzima upya. Databezi iache kwenye diski ya seva, na usiku uchukue nakala:

`sqlite3 faharasa.db ".backup /srv/nakala/faharasa.db"`

Hiyo nakala ndiyo uipeleke kwa `rclone copy`. Usikopi faili yenyewe ikiwa programu imeifungua, utapata nakala mbovu.

Kuhifadhi kunagoma kwa sababu bila ya kache (hifadhi ya muda kwenye seva) rclone huandika mfululizo tu, mwanzo hadi mwisho. TIFF haziandikwi hivyo: programu humwaga picha, kisha hurudi mwanzoni kujaza kichwa cha faili. Kwa hiyo ipe kache kwenye SSD:

`rclone mount stoo:skani /srv/skani --allow-other --umask 002 --cache-dir /ssd/kache --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-size 100G --vfs-cache-max-age 168h --vfs-write-back 1m --rc`

Ongeza `--uid` na `--gid` za mtumiaji wa Samba, maana ruhusa za chmod hazihifadhiwi kwenye baketi. Ile `1m` ya `--vfs-write-back`, yaani subira ya dakika moja kabla ya kupandisha, nimeiweka makusudi. Programu nyingi za zamani huandika faili ya muda kisha huibadilisha jina. Chaguo-msingi ni sekunde 5, na ikiwahi kupandishwa kabla ya kubadilishwa jina unalipia kazi mara mbili.

Hiyo 100G usiichukulie kama ukuta. Faili ambayo haijapanda haifutwi kwenye kache hata kikomo kikipita. Piga hesabu: MB 25 kwa Mbit 20 ni sekunde 10, kwa hiyo kurasa 1,000 ni karibu saa 3, na hapo laini haina mtumiaji mwengine. Laini ikikatika siku nzima, SSD iwe na nafasi ya kubeba kazi ya siku nzima.

Folda ya faili 6,000: kwenye S3 hakuna folda, kuna majina marefu yenye mkwaju ndani. Kubadilisha jina ni kunakili kila faili kwa jina jipya na kufuta la zamani, yaani maombi 12,000. Data haipiti kwenye laini yako, lakini maombi yanapita. Zipe folda jina la tarehe tangu mwanzo na usiziguse tena.

Mzigo wa zamani usiupitishe kwenye maunti. Tumia `rclone copy` moja kwa moja, kisha `rclone check`, ndipo ufute. TB 1.8 kwa Mbit 20 ni siku 8 na zaidi, basi weka `--bwlimit "08:00,1M 16:00,off"` watu wafanye kazi mchana.

BintiWete
Chake Chake wamaunti kwa `--read-only --dir-cache-time 1m`. S3 haimwambii rclone kuwa kuna faili mpya. Orodha ya folda hukaa dakika 5 usipoipunguza. Kufuli la Samba la Unguja halifiki Pemba: pande mbili zikiandika faili moja, ya mwisho inaifuta ya mwanzo na hakuna atakayeambiwa. Wakitaka kuandika, wape folda yao peke yao.

Ikiwa kufuli ni lazima, tazama JuiceFS, mfumo wa faili unaojengwa juu ya baketi. Majina na kufuli hukaa kwenye databezi kama PostgreSQL au Redis, data hukatwa vipande visivyozidi MiB 4 na kupelekwa kwenye baketi. Ubaya wake, ukifungua baketi huoni TIFF, unaona vipande tu. Hiyo databezi ikipotea bila ya nakala, skani zote zimepotea. Kwa hati za watu mimi ningebaki na rclone, kila TIFF inaonekana kwa jina lake.

Mlandege_Seva
Ahsanteni sana. Na umeme ukikatika kache ikiwa na kurasa ambazo hazijapanda?

Fundi_Kwerekwe
Zilizokwisha kuandikwa kwenye SSD zinabaki. Ukiiwasha rclone kwa amri ile ile na kache ile ile, inaendelea kuzipandisha. Usiifute kache kwa mkono. Kabla ya kuzima seva endesha `rclone rc vfs/stats`. `uploadsQueued` (zinazosubiri) na `uploadsInProgress` (zinazopanda) zote ziwe 0.

Hatari kubwa ipo baada ya kuwaka. Samba ikitangulia na maunti haijasimama, `/srv/skani` ni folda tupu ya kawaida, na skani zitaingia humo kwenye diski iliyojaa. Maunti ikija inazifunika, huzioni tena. Ondoa maunti, hakikisha folda ni tupu, kisha:

`chattr +i /srv/skani`

Sasa bila ya maunti hakuna kinachoandikika humo, na programu italalamika papo hapo. Kwenye systemd, huduma ya rclone iwe `Type=notify`, na ya Samba uifunge nayo kwa `BindsTo=` na `After=`, ili Samba isianze kabla ya maunti kusimama.

BintiWete
Na kwenye baketi washa matoleo ya faili, pamoja na kanuni ya kufuta vipande vilivyopandishwa nusu baada ya siku 7. Laini ikikatikakatika vinabaki, havionekani kwenye orodha ya kawaida, na unavilipia.