Mdogo wangu kafia Houston, katolewa viungo na mifupa. Mama atamuona?

Wakuu naombeni ushauri, siku ya nne hii sijalala. Mdogo wangu kapata ajali ya gari huku Houston, madaktari wakathibitisha ubongo umekufa. Kwenye leseni ya udereva alikuwa kakubali kuchangia viungo, na kwa sheria ya huku mtu akishakubali mwenyewe ndugu hamtengui. Wamechukua ini, figo zote, vioo vya macho, mifupa ya miguu na ngozi ya mgongoni. Jamaa anayeandaa mwili anasema kumuweka dawa itachukua muda na anaweza kutoa maji. Mama yuko Moshi, hajui hili la viungo, kasema bila kumuona mwanae uso hazikwi mtu. Nifanyeje?

MamaJunior_Ar: Pole sana kaka. Mungu awatie nguvu.

Fundi_Dallas: Pole mkuu. Hii ndo kazi yangu. Maiti wa kawaida tunafungua mshipa mmoja mkubwa, mara nyingi wa shingoni, mashine inasukuma dawa inazunguka mwili mzima. Wa kwenu mshipa mkuu wa tumboni umeshakatwa wakati wanatoa ini na figo, ukisukuma shingoni tu dawa nyingi inamwagikia tumboni. Kwahiyo anawekewa dawa kupitia mishipa sehemu sita, shingo pande zote mbili, makwapa yote, mapaja yote, na pale dawa isipofika tunachoma sindano moja moja kwenye nyama. Huo ndo muda anaouongelea, usimharakishe. Palipotolewa mifupa huwa wanaweka bomba za plastiki au mbao mguu usilegee. Ngozi hawachuni yote, ni utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, ila panachuruzika, so panakaushwa kwa dawa na poda halafu anavalishwa ovaroli la plastiki, suti inakuja juu. Macho anawekewa kifuniko chini ya kope yasibonyee. Uso hawajaugusa, mama atamuona. Huyo jamaa anayeandaa mwili mwombe akae nao japo siku moja zaidi kabla ya kufunga jeneza, kama kuna pa kuvuja ionekane hapo sio kwenye ndege.

Chasaka77: Ongezea hili, kwetu mwili ulifika toka Marekani wazee wakataka kumbadilisha nguo wamvishe suti waliyoshona nyumbani. Wakakuta plastiki, wakaikata kwa mkasi. Maji yakatoka mpaka kwenye kitambaa cha jeneza na akina mama wako pale sebuleni. Tuma suti unayoitaka HUKO avalishwe hukohuko.

Nyamwezi_wa_Ohio: Angalia bili mkuu, kazi ya kutoa viungo familia hailipi hata senti. Kuweka dawa, jeneza na usafiri ndo zenu. Na cheti cha kuwekwa dawa kisikose kwenye makaratasi ya mwili.

MamaJunior_Ar: Mwambie mama kabla mwili haujafika jamani. Akija kuambiwa na jirani hatakusamehe.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimempigia mama leo alfajiri, nimemwambia yote. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza macho kapewa mtu mzima au mtoto. Nimemwambia majina hawatoi ila barua tunaweza kuandika, wao wanaifikisha. Kasema niandike, yeye ataniambia maneno. Baba mdogo nimeshamweleza, ile suti haifunguliwi.