Jamani, yule mtangazaji wa michezo wa jioni kanipigia mlio wa mbuzi HEWANI

Fundi Saa:

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, nikikosea herufi mnistahi. Yule jamaa wa kipindi cha michezo cha jioni, simtaji, mnamjua wote, yule anayeanza kucheka kabla kichekesho chake hakijafika, leo kanipigia mlio wa mbuzi. Hewani. Mimi, babu wa wajukuu wanne, fundi saa ambaye wakwe zangu wananiamkia kwa kupiga goti.

Nilikuwa kibandani kwangu, kibano mkononi, nafungua saa ya mteja. Kiskurubu chenyewe kidogo kuliko punje ya ulezi. Redio iko juu ya kabati. Jamaa akasema leo tunakumbushana lile pambano la Muhammad Ali na George Foreman la kugombea mkanda wa dunia uzito wa juu. Nikaongeza sauti. Laiti ningejua ningeitupa redio mtaroni.

Akaanza: lilipigwa Manila. MANILA. Nikasema ulimi umeteleza, binadamu huyu. Akaendelea: Ali alishinda kwa kukimbiakimbia ulingoni mpaka George akachoka kumfukuza. Nikaweka kibano chini. Halafu akamalizia kwamba wale Wakongo walivyokuwa wanapiga kelele "Ali boma ye", walimaanisha Ali ni boma lao, yaani ngome yao, "si mnaona hata sisi tunalo neno boma?"

Kile kiskurubu kiliruka. Mpaka sasa sijakiona.

Nikaweka vocha, nikapiga mara kumi na saba, ya kumi na nane ikapokelewa. Nikaongea kwa adabu zote: mwanangu, lile ni la Kinshasa, Zaire, yaani Kongo ya sasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Manila ni Ali na bondia mwingine, Joe Frazier, mwaka uliofuata. Na "boma ye" ni Kilingala, maana yake muue. Ukawa kimya. Nikadhani kijana anaandika. Kumbe anatafuta kitufe!

"Mzee wangu, ulikuwepo?"

Nikasema sikuwepo, ila...

"Basi kanywe uji ulale." Halafu mbeeeeee. Simu ikakata.

Wakuu, mbeeeeee. Siyo mbee fupi ya mbuzi anayepita. Ni ile ndefu ya mbuzi aliyefungwa kamba juani tangu asubuhi. Mama lishe wa kibanda cha pili, ambaye naye alikuwa amefungulia stesheni hiyohiyo, akachungulia akaniuliza kama ni mimi. Nikakana. Nimemkana mbuzi wangu mwenyewe kama mwizi.

Eti nilikuwepo. Mimi nilikuwa Ujiji, nina miaka kumi na moja. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na siku zile mbalamwezi ilikuwa kali, karabai haina kazi, kwa hiyo alilala nyumbani. Pambano lilipigwa saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani walione usiku wao kwenye majumba ya sinema. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Baba amekaa kwenye kigoda, redio ya masafa mafupi anaigeuzageuza kama anapepeta mchele, inakoroma, mara Kifaransa, mara muziki, mara inalia kama chuma. Hatukuelewa neno zaidi ya "Ali". Mama kaunguza maandazi siku hiyo na hakuna aliyelalamika. Ndiyo, sikuwepo. Na yeye mwaka 1974 alikuwepo wapi? Hata babu yake alikuwa hajamtongoza bibi yake.

Foreman yule wa kumfukuza mtu ulingoni? Miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, 37 kamaliza kwa KO. Frazier aliangushwa naye mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston. Norton naye raundi mbili. Wote hao wawili walishawahi kumpiga Ali! Na Ali ana miaka 32, watu wanamwonea huruma. Sasa aliyekimbia ni nani? Ali aliegemea kamba, akafunika uso, akamwachia mtu ale mbavu na mikono mpaka ashibe. Raundi ya pili, ya tatu, ya nne, yuko kambani anamsemesha kabisa. Foreman anarusha makonde ya kuangusha mnazi, yanazidi kuwa mazito, mwisho yakawa kama ya mtu anayesukuma mlango wa choo. Raundi ya nane, sekunde chache kabla ya kengele, Ali akatoka kambani: kushoto, kulia, jitu likageuka kama linatafuta kiti, likaanza kushuka. Na Ali akamfuata na konde la kulia limeshakunjwa, tayari, akalizuia. Hakulirusha. Anamtazama mtu anaanguka.

Hiyo heshima ya kutompiga anayeanguka. Mimi nilikuwa naanguka kwenye simu, jamaa akanimalizia na mbuzi.

Nyuki Mkali:

Shikamoo mzee. Swali moja tu la kitaalamu. Mlio ulikuwa wa beberu au wa jike?

Fundi Saa:

Marahaba. Beberu. Na usinichokoze.

Mke wa Dereva:

Nimesikia kipindi!!! Nilikuwa kwenye daladala, abiria wote tulikufa. Kumbe ni wewe mzee wetu? Pole jamani. Ila ulivyosema "mwanangu" kwa ile sauti ya khatibu wa Ijumaa, hata mimi nilijua kuna kitu kinakuja.

Kamba Legevu:

Mtoa mada kaonewa kwa mbuzi, lakini kwenye ngumi anatudanganya. Kamba zililegezwa! Kocha wa Ali alionekana anazishika kabla ya pambano. Na Foreman mwenyewe aliwahi kusema maji aliyopewa yalikuwa na dawa. Mnamsifia mtu aliyelala kwenye kamba kama yuko kwenye chandarua.

Fundi Saa:

Dundee, huyo kocha, alisema alikuwa anazikaza, siyo kuzilegeza, joto lilizifanya zilegee. Halafu kamba si zilikuwa za wote wawili? Mbona George hakulala yeye? Lakini uzi huu siyo wa kamba. Uzi huu ni wa MBUZI.

Bukavu Moja:

Bandugu, miye ni wa Bukavu lakini Kinshasa nilikaa miaka sita. Lingala iko wazi: boma ye, umuue. Ngome haiko mule. Ila kuko muji unaitwa Boma, karibu na bahari, zamani Wabelgiji waliuweka mji mkuu wa Kongo.

Nyuki Mkali:

Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unamwambia Ali ashuke Boma? Nauli nani analipa?

Bukavu Moja:

Nauli Mobutu. Alilipa dola milioni tano kwa kila bondia, ya basi ingemushinda?

Kamba Legevu:

Na Foreman alikuja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, aina ileile waliyokuwa wanaitumia Wabelgiji walipoitawala Kongo. Hapo alishapoteza mashabiki kabla hajavaa glovu. Ningekuwa Mkongo hata mimi ningesema boma ye, na mbwa naye boma ye.

Fundi Saa:

Hapo umesema. Ila ona, wao walipata mbwa, mimi nimepata mbuzi.

Shangazi Mtandaoni:

Mzee huyo mbuzi atakuua wewe badala ya Foreman. Mimi nina kesi kubwa kuliko yako. Kuna jamaa mwenye ukumbi wa kuonyeshea mpira mtaani kwetu, simtaji, walioko huku wanamjua, ana tumbo linaingia ukumbini kabla yake. Katangaza pambano la uzito wa juu, kiingilio elfu tatu. Tumekaa saa sita usiku mpaka saa kumi, mapambano ya utangulizi yote tumeyala, mbu wametuchanja. Mabondia wakubwa wakaingia ulingoni, wakaitwa majina, kengele ikalia, LUKU IKAISHA. Giza. Mwenye ukumbi anasema mwenye simu amtumie token. Umeme uliporudi tunaona mtu kainuliwa mkono. Nani kampiga nani, raundi ya ngapi, hakuna anayejua. Nikadai hela yangu akasema "si mmewaona?"

Mke wa Dereva:

SI MMEWAONA 😂😂😂 huyo anastahili mlio wa fisi.

Kiduku:

Bora nyinyi. Mimi kinyozi alikuwa ananinyoa huku anaangalia marudio ya pambano kwenye simu. Bondia akaanguka, kinyozi naye akaruka na mashine ikiwa kichwani kwangu. Nina njia kutoka sikioni mpaka utosini, bodaboda inapita. Akaniambia ndiyo mtindo.

Nyuki Mkali:

Kinyozi yupo wapi? Siyo kwa ubaya, natafuta anayenyoa bei nafuu.

Mwalimu Mstaafu:

Naona vijana mnacheka tu. Huyo Ali mnayemgombania alikuja Dar mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani tugomee Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Mnatutumia mcheza ngumi kwa jambo la nchi? Tukaenda Moscow, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Hiyo ndiyo KO. Mbona hakuna mtangazaji anayeikumbuka?

Kamba Legevu:

Mwalimu, kwa hiyo na mkuu wa nchi naye alimpigia Ali mlio wa mbuzi?

Mwalimu Mstaafu:

Kijana chunga mdomo wako.

Fundi Saa:

Naomba kwanza tumalizane na hili. Nimejaribu kupiga tena. Mara tisa. Ya tisa ikapokelewa na binti, nikasema naitwa Fundi Saa, akasema "eeeh, babu wa mbuzi!" Nimeshapewa jina. Kesho mteja ataleta saa atasema naomba kwa babu wa mbuzi. Na lile konde hakulirusha, jamani. Lilikuwa limekunjwa, angeweza, dunia nzima inatazama, akalizuia. Ni kitu gani kingemgharimu huyu kijana kuzuia kidole chake kisibonyeze?

Mke wa Dereva:

Babu wa mbuzi nimelia machozi. Samahani.

Kiduku:

Mzee, mwenzio Foreman alichekwa miaka 20, mwaka 1994 ana miaka 45 akamzimisha bingwa Moorer, akachukua mkanda tena. Vuta subira. Ukifika miaka 80 utapiga simu utamzimisha mtu.

Shangazi Mtandaoni:

Kabla hajafika huko, nani anajua namna ya kumdai huyu wa ukumbi? Tulikuwa watu kama arobaini. Mara elfu tatu, pigeni hesabu.

Bukavu Moja:

Laki moja na ishirini elfu. Kwa hiyo pesa LUKU angewasha mutaa muzima.

Nyuki Mkali:

Kwa nyinyi wa ukumbini, huo ni wizi wa mchana uliofanyika usiku. Mpelekeni serikali ya mtaa.

Shangazi Mtandaoni:

Mwenyekiti wa mtaa ndiye alikuwa amekaa mbele, kiti cha bure.

Mwalimu Mstaafu:

Na nyinyi kwa nini mnaangalia ngumi saa kumi usiku badala ya kulala?

Kamba Legevu:

Si ndiyo saa ya Kinshasa hiyo, mwalimu.

Fundi Saa:

Wakuu, nimekipata kile kiskurubu. Kilikuwa kwenye kikombe cha uji.

Nyuki Mkali:

Kumbe uji ulikuwa unakunywa kweli 😂

Kiduku:

Shangazi, hiyo elfu tatu ilikuwa na soda au bila soda?